KUPIMWA KWA MWANGWI
Somo kwa Mama Mwenye Mimba na Jamaa Zake

Tangu zamani hali ya mama mwenye mimba ilijulikana kwa mambo matatu: maneno ya kinywa chake mwenyewe, mikono ya mkunga iliyompapasa, na sikio lililotegwa juu ya tumbo lake. Mambo hayo matatu yangali na kazi hata leo, wala hayafai kutupwa. Lakini siku hizi limeongezwa la nne, nalo ni kipimo kiitwacho ultrasaundi. Mama huambiwa na mwuguzi, "Nenda ukapimwe ultrasaundi," naye hutoka na karatasi mkononi asijue huko aendako atatendewa nini.

Wengine huogopa, wasiende. Wengine huenda hali hawakujitayarisha, wakarudishwa, wakapoteza nauli na siku ya kazi. Na wengine huenda wakitumaini kwamba chombo kitawaambia habari zote za mtoto mpaka kuzaliwa kwake. Wakiisha kuambiwa, "Ni salama," huacha kwenda kliniki. Hao wa mwisho wamo hatarini kama wale wa kwanza.

Basi tujifunze habari za kipimo hiki kwa taratibu. Neno kuu la somo letu ni hili: chombo hiki ni kama sikio lisikilizalo mwangwi. Mtu akifahamu jinsi sikio hilo lisikiavyo, atajua namna ya kujitayarisha, atajua kwa nini haliumizi, tena atajua ni mambo gani asiyatake kwake.

1. Chombo hiki hufanyaje kazi?

Ukisimama mbele ya jabali ukapaza sauti, sauti yako hukurudia baada ya kitambo. Jabali likiwa karibu, hurudi upesi. Likiwa mbali, huchelewa. Mtu mwenye akili aweza kukisia umbali wa jabali kwa kuhesabu muda huo, ingawa amefumba macho. Hiyo ndiyo kazi yote ya ultrasaundi.

Sauti ni mtikisiko. Sikio la binadamu husikia mitikisiko ipatayo 20,000 kwa sekunde moja. Ikizidi hapo hatusikii neno. Chombo cha kupimia tumbo la mama hutoa mitikisiko ya milioni 2 hata milioni 5 kwa sekunde moja, na vingine huzidi. Kwa hiyo mama hasikii mlio wake, wala mtoto hasumbuliwi na kelele. Katika nyama laini za mwili sauti hiyo hukimbia mita 1,540 hivi kwa sekunde. Kila itokapo katika kitu kimoja na kuingia katika kingine, kama toka maji kuingia nyama, au toka nyama kuingia mfupa, sehemu yake hurudi nyuma. Mashine huhesabu muda wa kurudi kwake, ikaandika nukta ya nuru juu ya kioo mahali panapopasa. Nukta nyingi zikikusanyika, picha hutokea. Maji huonekana meusi, kwa kuwa hayarudishi mwangwi. Mfupa huonekana mweupe sana, kwa kuwa huurudisha kwa nguvu.

Watu wengi huchanganya ultrasaundi na eksirei. Ni vitu viwili mbalimbali. Eksirei, aliyoigundua Wilhelm Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895, hupitisha miali ndani ya mwili, na miali hiyo ikizidi yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ultrasaundi haina miali hiyo hata kidogo. Ni sauti tu.

2. Asili yake

Katika miaka ya 1790 Lazzaro Spallanzani wa Italia alistaajabu kuona ya kuwa popo aliyezibwa macho aliruka gizani asigonge kitu. Louis Jurine wa Geneva akaziba masikio ya popo, nao wakagonga. Wataalamu wengi hawakuyakubali maneno hayo. Ilikuwa mwaka 1938 ndipo wataalamu wa Marekani walipopata chombo cha kuzipokea sauti za popo, ambazo sikio letu haliwezi kuzisikia, ikajulikana kwamba popo huona njia kwa mwangwi.

Wakati huo watu wa meli walikuwa wamekwisha kuutumia mwangwi. Katika vita ya 1914 hata 1918 Paul Langevin wa Ufaransa alitengeneza chombo cha kupeleka sauti majini ili kuzitafuta nyambizi za adui. Baadaye mafundi wa vyuma wakautumia mwangwi kutafuta nyufa zilizofichika ndani ya chuma.

Katika mji wa Glasgow, nchi ya Scotland, alikuwako Profesa Ian Donald, mwalimu wa uganga wa uzazi. Mwaka 1955 alichukua uvimbe uliotolewa katika miili ya wagonjwa, akaupeleka penye kiwanda chenye chombo cha kupimia vyuma, aone kama mwangwi waweza kuutambua uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama. Ukautambua. Yeye pamoja na Daktari John MacVicar na fundi Tom Brown wakaendelea na kazi hiyo, na mwaka 1958 wakaichapisha habari yao. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwapo mwanamke mmoja ambaye ilidhaniwa kwamba ana saratani ya tumbo isiyoweza kukatwa. Mwangwi ulionyesha kwamba ni mfuko mkubwa wa maji tu. Akapasuliwa, mfuko ukaondolewa, naye akapona. Hivyo chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya vita na viwanda kikawa msaada wa mama na mtoto.

3. Kujitayarisha nyumbani

Kwanza, uliza umetumwa kupimwa sehemu gani, maana matayarisho si mamoja.

Mimba ikiwa changa, mara nyingi mama huambiwa anywe maji bilauri nne hivi, kama saa moja kabla ya kupimwa, wala asiende haja ndogo. Sababu yake ni hii: kibofu kikijaa huyasukuma matumbo yenye hewa kando, nacho huwa kama dirisha ambalo sauti hupitia mpaka kwenye mji wa mimba. Mimba ikiwa kubwa, kwa kawaida hapana haja ya kujaza kibofu, kwa kuwa mtoto mwenyewe amezungukwa na maji.

Anayepimwa ini au kifuko cha nyongo huambiwa akae bila kula muda wa saa sita hata nane. Mtu akila, hasa vyakula vya mafuta, kifuko cha nyongo hujikunja, vijiwe vilivyomo visionekane vema. Mgonjwa wa kisukari na awaambie waganga ugonjwa wake mapema, ili asizidiwe na njaa. Lakini mama anayepimwa mimba peke yake asijitese kwa njaa; ale kama desturi yake, isipokuwa ameamriwa vingine.

Tena vaa nguo mbili, ya juu na ya chini, ili tumbo liweze kufunuliwa bila kuvua zote. Chukua kadi yako ya kliniki, na karatasi za vipimo vya kwanza kama unazo. Ukumbuke siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, maana utaulizwa. Asiyeweza kukumbuka na ataje alama, kama wakati wa kupanda au sikukuu fulani. Mwisho, mwambie mumeo au jamaa mmoja afuatane nawe, kwa maana maneno utakayoambiwa ni mengi, na masikio mawili husahau.

4. Yatakayotendeka chumbani

Chumba huwa na giza kidogo. Hilo lisikutie hofu. Giza ni kwa ajili ya mpimaji apate kuona kioo vizuri. Utalala chali kitandani, na tumbo litafunuliwa. Mpimaji atakupaka dawa ya utelezi kama mlenda. Dawa hiyo ni baridi, lakini haichomi, wala haiingii mwilini, nayo hufutika kwa kitambaa. Kazi yake ni kuondoa hewa iliyo kati ya chombo na ngozi, maana hewa ni ukuta kwa sauti hii. Pasipo dawa hiyo hapana picha.

Kisha ataweka juu ya tumbo kifaa kidogo ashikacho mkononi, akikisogeza huku na huku. Mara nyingine atakibonyeza kidogo. Haitoshi kuitwa maumivu. Ila mwenye kibofu kilichojaa ataona taabu kidogo. Utaambiwa ujigeuze ubavu, au uvute pumzi uizuie. Mimba ikiwa kubwa, mama akilala chali kwa muda mrefu huweza kuona kizunguzungu, kwa sababu uzito wa mtoto hukandamiza mshipa mkubwa wa damu. Ukiona hivyo usinyamaze kwa kuona haya. Sema upesi, ulalie ubavu wa kushoto, na kizunguzungu kitaondoka.

Huenda ukasikia mlio wa haraka kama mwendo wa farasi. Huo ni mlio ambao mashine huutoa kwa kufuata moyo wa mtoto, nao hupiga mara 110 hata 160 kwa dakika moja. Ni upesi kuliko moyo wa mtu mzima, na ndivyo ipasavyo. Mpimaji akinyamaza akitazama kioo, usidhani kwamba ameona jambo baya. Anapima na kuhesabu. Kazi yote huchukua robo saa hata nusu saa, na mara nyingine zaidi.

Katika miezi ya kwanza huenda mpimaji akaona haja ya kupima kwa njia ya uke, kwa kifaa chembamba kilichovikwa mfuko safi. Yampasa kukueleza kwanza na kungoja idhini yako. Unayo ruhusa ya kutaka mwanamke mwingine awepo chumbani, na unayo ruhusa ya kukataa. Kwa kipimo hicho kibofu chapasa kuwa kitupu. Hakiharibu mimba.

5. Mambo chombo kiwezayo kuonyesha

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mama mwenye mimba apimwe ultrasaundi mara moja kabla ya kutimia majuma 24. Kwa nini mapema? Kwa sababu watoto wachanga sana hukua kwa kipimo kimoja, hata umri wao hujulikana kwa urefu wao. Kabla ya majuma 14 hesabu hukosea siku tano hata saba tu. Katika miezi mitatu ya mwisho hukosea hata majuma matatu, maana hapo watoto hutofautiana, wengine wanene na wengine wembamba. Mama anayekwenda kwa mara ya kwanza katika mwezi wa nane, akitaka kujua siku ya kujifungua, amekwisha kuchelewa kwa swali hilo.

Kipimo cha mapema huonyesha pia kama mimba imo mahali pake. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba haiwezi kukua salama. Hupasua mshipa wa uzazi, na mama aweza kufa kwa damu imwagikayo ndani. Tena huonyesha kama watoto ni mapacha. Kati ya majuma 18 na 22 mpimaji hutazama kichwa, uti wa mgongo, moyo, na viungo vya mtoto, na mahali kondo lilipokaa.

Hapa na tukae kidogo, maana jambo la kondo limewaua mama wengi. Kondo ndilo limlishalo mtoto, na mahali pake pazuri ni juu ya mji wa mimba au kando. Mara nyingine hukaa chini, hata likaufunika mlango wa kutokea mtoto. Mama wa namna hiyo hana maumivu, wala mkono wa mkunga hauwezi kulitambua kwa hakika. Siku ya uchungu mlango hufunguka, kondo hubanduka, na damu hutoka kwa wingi kabla mtoto hajazaliwa. Akiwa nyumbani mbali na hospitali, nani atamsaidia? Lakini akijulikana mapema, huandaliwa azalie hospitali kwa kupasuliwa, penye damu ya kumwongezea, naye na mtoto wake wakarudi nyumbani wazima.

Hata hivyo mama aliyeambiwa katika mwezi wa tano kwamba kondo liko chini asikate tamaa. Mji wa mimba ukikua, kondo huinuliwa pamoja nao, na kwa walio wengi huwa limeondoka mlangoni kabla ya siku za kuzaa. Ndiyo maana huambiwa arudi kupimwa tena, kwa kawaida penye majuma 32. Asipuuze siku hiyo. Na akiona damu wakati wowote, hata ikiwa haina maumivu, aende hospitali saa ile ile.

6. Mambo kisiyoweza

Sikio hili halisikii kila kitu. Hewa na mfupa huizuia sauti. Mtoto akilala vibaya, viungo vingine hujificha. Kuna vilema vidogo, na magonjwa ya damu na ya akili, ambayo hayana umbo la kurudisha mwangwi. Kwa hiyo mpimaji asemapo, "Sikuona kasoro," maana yake ni hiyo hiyo tu: katika vitu vilivyoonekana siku ile, kasoro haikuonekana. Si ahadi ya miezi iliyosalia.

Tena ultrasaundi haipimi shinikizo la damu, wala upungufu wa damu, wala malaria, wala kaswende. Mama mwenye picha nzuri mkononi aweza kupatwa na kifafa cha mimba mwezi wa pili wake, kama hakwenda kliniki kupimwa shinikizo la damu na mkojo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mama aonane na waganga mara nane katika mimba moja. Ultrasaundi ni sehemu ya safari hiyo; haichukui mahali pake.

Wengi huuliza, "Je, ni mwana wa kiume au wa kike?" Penye majuma 18 hata 20 aweza kutambulika, mtoto akikubali kufunua miguu, lakini mpimaji huweza kukosea. Hospitali nyingine hazisemi. India ilitunga sheria mwaka 1994 ya kukataza kutajwa, kwa sababu wako waliotoa mimba za watoto wa kike. Haifai mama asumbuliwe nyumbani kwa ajili ya jibu hilo.

7. Maneno yanenwayo mitaani

Husemwa kwamba chombo hiki humchoma mtoto, au kwamba huleta kilema. Tangu mwaka 1958 mama wengi mno wa mataifa yote wamepimwa, na hakuna dhara kwa mtoto lililothibitishwa katika upimaji wa kiganga. Lakini sauti yenye nguvu huweza kuleta joto kidogo. Kwa hiyo kanuni ya wapimaji ni kupima penye haja na kwa muda usiozidi haja. Kupimwa kila juma kwa kutaka kutazama picha tu si busara.

Wengine husema ni namna ya ramli. Mpiga ramli hudai kuyajua yasiyoonekana, wala haonyeshi ayajuaje. Mpimaji huonyesha kila kitu juu ya kioo, hukipima kwa milimita, na mwenziwe aweza kukipima tena. Anapokosa kuona, hana budi kusema, "Sikuona."

8. Majibu

Mahali pengine anayepima si daktari, naye haruhusiwi kutafsiri. Ataandika, na daktari atasoma. Usiondoke bila kujua ni nani atakayekueleza, na siku gani. Uliza maswali manne haya: Mimba ina majuma mangapi? Mtoto ni mmoja, na moyo wake unapiga? Kondo limekaa wapi? Nirudi lini? Karatasi uiweke pamoja na kadi yako, uende nayo siku ya kujifungua, maana hesabu ya kwanza ndiyo ya kuaminiwa. Zilizofuata zisiibadilishe bila sababu.

Huenda jibu likawa zito, kwamba moyo haupigi, au kwamba mtoto ana kilema. Mama asiambiwe, "Ni kosa lako," wala asiachwe arudi peke yake. Mara nyingine kipimo hurudiwa baada ya siku chache ili kuhakikisha, hasa mimba ikiwa changa sana, maana hesabu ya siku yaweza kuwa imekosewa. Mama ana haki ya kuuliza kama jambo limethibitishwa.

Ninyi waume, mama akisema, "Nimetumwa kupimwa," msimwambie kwamba mama zenu walizaa bila hayo. Ni kweli walizaa. Na wengine wao wamelala makaburini pamoja na watoto wao kwa kondo lililokaa chini, ambalo hakuna aliyelijua. Tafuteni nauli mapema. Na ninyi walimu, mkiulizwa habari hizi vijijini, jibuni yale mliyoyajua, na mengine mwaelekeze kwa waganga.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa akina mama

1. Kwa nini mama wa mimba changa huambiwa anywe maji, na anayepimwa kifuko cha nyongo huambiwa asile?
2. Dawa ya utelezi ina kazi gani?
3. Kwa nini kipimo cha mapema hujua umri wa mtoto kuliko kipimo cha mwezi wa nane?
4. Mama ameambiwa, "Kondo liko chini." Yampasa kufanya nini, na jamaa zake wafanye nini?
5. Taja magonjwa matatu ambayo ultrasaundi haiyaonyeshi. Hayo hujulikana kwa njia gani?
6. Katika kijiji chetu, ni kitu gani kimzuiacho mama kwenda kupimwa mapema: hofu, nauli, au maneno ya watu? Tufanye nini?